Pembe sawa, banda pana: kisa cha kenchi zilizozidi sentimita 32

Banda ni la ng'ombe wa maziwa, nyanda za juu za Njombe. Upana mita 4.80, urefu mita 7.20, kuta za matofali mpaka usawa wa dari, na juu ya dari nafasi ya kulundika nyasi kavu za kuvukia kiangazi. Nyasi hizo ndizo zilizochagua paa. Mwenye banda alitaka lile la maghala ya wakulima wa Marekani, linalopanda kwa kusimama karibu kama ukuta, kisha linakunja na kulala kuelekea juu. Hakutaka pambo. Paa la kawaida la miteremko miwili, kwa upana huo na kimo cha mita 2.40 juu ya dari, lina eneo la mita za mraba 5.76 ukilitazama kwa mbele. Hili la kukunja, kwa upana na kimo kilekile, lina 8.15. Ukizidisha kwa urefu wa banda, ghala linatoka mita za ujazo 41 na kufika karibu 59.

Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilipangwa kila sentimita 60, kwa hiyo ni 13. Kila kenchi ina vipande vinne vya mbao za inchi 2 kwa 6, viwili kila upande. Pale vipande vya upande mmoja vinapokutana tutapaita goti, vinapokutana juu ni mgongo, na mwisho wa chini unaokanyaga dari ni unyayo. Majina haya yanatofautiana kwa mafundi, lakini ukisema goti kila mtu anaelewa.

Mafundi walikata vipande 12, vya kenchi tatu, kabla ya kulaza hata kenchi moja sakafuni. Walipoilaza ya kwanza, maungio yalifumba vizuri kabisa, karatasi haipiti. Wakavuta tepu kutoka unyayo hadi unyayo: mita 5.12. Banda ni 4.80.

Nusu ya pembenane

Ili kosa lieleweke, kwanza tuone kwa nini paa hili linapendwa na mafundi wanaolijua. Vipande vyake vinne ni nusu ya umbo la pembenane lililo sawa pande zote, lililochorwa ndani ya duara. Kipenyo cha duara ndio upana wa banda. Kipande cha chini kinasimama kwa nyuzi 67.5 kutoka mlalo, cha juu kinalala kwa nyuzi 22.5. Vyote vinne vina urefu mmoja, na mikato yote minane ni ileile: nyuzi 22.5 kutoka mkato wa mraba. Goti 22.5, mgongo 22.5, unyayo 22.5. Unaseti msumeno mara moja asubuhi na huugusi tena mpaka jioni.

Hapo kwenye "kutoka mkato wa mraba" watu hujikwaa. Mezani kwa msumeno wa umeme wa kukata pembe, sifuri ni mkato wa mraba, kwa hiyo unasoma 22.5, na misumeno mingi ina kijishimo cha kujifunga papo hapo. Anayepima pembe kutoka urefu wa mbao atapata 67.5. Ni mstari uleule. Anayekata nyuzi 67.5 kutoka mkato wa mraba atatoa ncha kama ya mkuki na ataligundua kosa lake bila kuambiwa.

Asiye na msumeno wa namna hiyo hapungukiwi kitu. Chukua karatasi yenye kona ya mraba, kunja kona hiyo katikati, upate 45. Kunja tena, ndiyo 22.5. Au tumia hesabu: pima upana halisi wa mbao, zidisha kwa 0.414, na hicho ndicho kiasi ambacho mstari unarudi nyuma kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mbao ya mm 150 inarudi mm 62, ya mm 145 inarudi 60. Kwa skwea ya chuma, weka inchi 12 upande mmoja na inchi 5 upande wa pili. Hiyo inatoa nyuzi 22.6, na kwenye mbao ya 2 kwa 6 tofauti haifiki nusu milimita. Anayekata kwa msumeno wa mkono achore mstari nyuso zote mbili za mbao, maana msumeno wa mkono hupenda kutangatanga upande usiouona.

Urefu wa kipande: nusu ya upana wa banda mara 0.7654. Hapa ni 2,400 mara 0.7654, yaani mm 1,837.

Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye mchoro, na ilikuwa sahihi. Ila mchoro ulikuwa wa mstari mmoja mmoja, na mstari hauna unene. Mbao inao. Kipande cha paa hili kina ukingo mrefu, wa nje, utakaobeba papi (mbao za kupigilia bati) na bati zenyewe, na ukingo mfupi, wa ndani, unaotazama nyasi. Ncha zote mbili zinakatwa kuelekeana, kwa hiyo kila ncha inaondoa mm 62 ukingoni mwa ndani. Kipande chenye mm 1,837 kwa nje kina mm 1,713 kwa ndani.

Fundi alipima 1,837 kwenye ukingo uliokuwa upande wake pale mezani. Ulikuwa wa ndani.

Dalili ambazo hazikusomwa

Kosa hili lilijitangaza mapema sana, kwenye mbao ya kwanza. Hesabu ya manunuzi ilitaka mbao 26 za futi 12, kwa vipande 52. Mbao moja, vipande viwili. Mbao ya futi 12 ina mm 3,660, na mtu anayejumlisha haraka atasema 1,837 mara mbili ni 3,674, haitoshi. Inatosha, kwa sababu vipande vinalazwa kinyume: baada ya kukata cha kwanza unageuza mbao, mkato mmoja unakuwa ncha ya kipande hiki na pia ncha ya kile. Ukijumlisha na mm 3 zinazoliwa na msumeno, vipande viwili vinameza mm 3,615. Zinabaki kama 45 za kusafisha ncha zilizopasuka. Ni kubana, lakini aliyeagiza alikuwa amepiga hesabu yake.

Kwa kipimo cha ndani, ukingo wa nje ulikuwa umefika mm 1,961, na viwili kwa kulaza kinyume vinahitaji mm 3,863. Mbao ikatoa kipande kimoja na bakio la karibu mita 1.70. Ikadhaniwa aliyeagiza mbao amekosea hesabu, kazi ikaendelea. Mbao 12 zikatoa vipande 12.

Hapa tusimlaumu fundi peke yake. Mchoro usioonyesha ukingo wa kupimia ni mchoro nusu. Ungeandikwa "1,837 nje, ncha kwa ncha", kisa kingeishia hapo. Lakini mbao inapotoa nusu ya idadi iliyotarajiwa, msumeno unazimwa kwanza, halafu ndipo watu wanabishana.

Dawa ya kwanza, iliyoongeza ugonjwa

Kenchi inapozidi upana, mtu hukimbilia kulaumu pembe. Ndivyo ilivyokuwa. Wakaamua kuzivuta nyayo ndani kwa kukunja zaidi mgongo: mkato wa juu ukapelekwa hadi nyuzi 26, na kwa kweli upana ukashuka hadi mita 4.80. Mgongo ukafumba tena vizuri. Kisha wakaisimamisha kwa majaribio.

Unyayo haukukaa. Kila nusu ya kenchi ilikuwa imezunguka nyuzi 3.5 kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo kipande cha chini kilichokatwa kwa kusimama nyuzi 67.5 sasa kilisimama 71. Mbao ikakanyagia ukingo wa nje tu. Upande wa ndani ukainuka milimita 10, penseli ya useremala inapita chini yake na kutoka upande wa pili. Uzito wote wa bati na upepo wa kule juu ungebebwa na kiukingo, ambacho kwenye mbao laini ya paini kingesagika na kushuka polepole, kenchi hii kiasi hiki na ile kiasi kile, mpaka mgongo wa paa ukawa na mawimbi.

Kukata unyayo upya kwa nyuzi 19 kungewezekana, na mwanya ungefichika. Lakini hapo una mikato mitatu tofauti badala ya mmoja, miteremko miwili ambayo haimo kwenye mchoro, na mgongo uliopanda sentimita 30 hivi kuliko ilivyopangwa. Bati nalo lingegoma, kama tutakavyoona.

Jinsi chanzo kilivyopatikana

Kipimo kimoja kilitosha, kwenye kenchi ya pili ambayo haikuwa imeguswa. Ililazwa sakafuni, tepu ikapigwa kutoka kona ya ndani ya unyayo mmoja hadi kona ya ndani ya mwingine: mita 4.80 kamili. Kipimo sahihi kilikuwa pale, ila kilikuwa kimekaa kwenye ukingo usio wake.

Hesabu inathibitisha. Kwa mbao ya mm 150 na paa la upana huu, ukipima 1,837 kwa nje unapata banda la mm 4,800. Ukipima katikati ya mbao unapata 4,962. Ukipima ndani, 5,125. Namba hizi tatu zinafaa kuandikwa ukutani, maana kenchi ikizidi kwa sentimita 16 au 32 hivi, umeshajua ulipima wapi kabla ya kugusa pembe. Ikizidi au kupungua kwa kiasi kingine chochote, na maungio yana mianya, hapo ndipo uitafute pembe.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania ukingo wa nje. Mbao za paini mbichi zinazotoka mashine za kupasulia hazina upana mmoja: katika lundo moja la 2 kwa 6 utakuta mm 145 na mm 154. Ukipima nje, tofauti hiyo inaangukia ndani, ambako haimdhuru mtu. Ukipima ndani, inaangukia nje, na papi zinapanda na kushuka. Kadhalika mbao iliyopinda kidogo, upande wake uliotokeza utazame nje, mzigo utaunyoosha.

Ukarabati

Bahati ilikuwa kwamba vipande vilizidi. Vingepungua, mbao 12 zingekuwa kuni za bei mbaya. Kila kipande kilipunguzwa mm 124 upande mmoja tu, msumeno ukiwa kwenye nyuzi zilezile 22.5, sambamba na mkato wa zamani. Vile viwili vilivyokatwa nyuzi 26 vilipunguzwa ncha ileile iliyoharibiwa, ikaondoka na kosa lake.

Kabla ya kuendelea, kenchi ilichorwa sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Piga mstari wa mm 4,800 kwa uzi wa rangi, weka alama katikati, pigilia msumari hapo. Funga kamba, zungusha nusu duara la mm 2,400. Kutoka katikati, mgongo uko juu moja kwa moja mm 2,400. Goti liko mm 1,697 pembeni na mm 1,697 juu, namba moja mara mbili, haisahauliki. Kuhakiki, pima unyayo hadi mgongo: mm 3,394. Pima goti hadi goti: 3,394 vilevile. Unyayo hadi goti la upande wa pili: 4,435. Vipimo vitatu vikikubali ndani ya mm 3, mchoro ni mzima. Kisha vibao vidogo vikapigiliwa pembezoni mwa mistari kwa nje, kila kenchi ikawa inaunganishwa humohumo kama tofali kwenye kalibu.

Kipande kimoja kilichokaa vizuri kikaandikwa KIELELEZO kwa rangi nyekundu, na ukingo wake mrefu ukachorwa mstari mwekundu. Vingine vyote vilichorwa kutoka kwake peke yake. Ukichora cha pili kutoka cha kwanza, cha tatu kutoka cha pili, unene wa penseli unajilimbikiza, na kufika cha 20 kipande kimeongezeka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa anayetumia kizuizi mezani pa msumeno, afagie vumbi la mbao mbele ya kizuizi kila baada ya kipande. Vumbi likijikusanya pale vipande vinapungua bila mtu kujua.

Maungio yanayobeba kazi

Ungio la goti lililofumba sana bado ni bawaba. Msumari uliopigwa kwenye ncha ya mbao hauzuii kitu, na vipande vinne vyenye bawaba tatu katikati vinaweza kulala upande kama kiti cha kukunja. Kwa sababu mwenye banda hakutaka mbao ya kukatiza ghala kutoka goti hadi goti, pale ambapo mtu angegonga kichwa kila siku, kazi yote ilibaki kwa mabamba ya plaiwudi.

Yalikatwa kutoka plaiwudi ya mm 12, mm 600 kwa 300, nyuzinyuzi za tabaka la juu la plaiwudi zikienda na urefu. Kona mbili za juu zinakatwa kufuata miteremko: kutoka katikati ya ukingo wa juu, mstari unashuka mm 124 kila mwisho. Ni pembe ileile ya 22.5 tena, kwa hiyo bamba moja linafaa goti na linafaa mgongo. Kenchi 11 za kati zina mabamba sita kila moja, mbili za mwisho zina matatu kwa ndani tu kwa sababu nje zinavikwa mbao na zina nguzo chini yake. Jumla 72. Shiti moja linatoa 16, yakatumika mashiti matano. Misumari ya inchi 2, isiyopungua kumi kila mkono wa ungio kila upande, ikipishana ili isipasue mbao kwenye mstari mmoja. Bamba lisitokeze nje ya ukingo hata kidogo, papi haitalala.

Unyayo unasukuma nje. Kinachoushika ni mbao za sakafu ya dari, na hapa kila mbao ya sakafu imeungwa katikati juu ya boriti. Ungio hilo linapishana sentimita 60 na kufungwa kwa boliti, kwa kuwa ndiyo kamba inayozuia kuta zisifunguke. Kila unyayo umekaa juu ya mbao ya sakafu, si katikati ya mbili, na umefungwa kwa mkanda wa bati unaoshuka hadi mbao hiyo.

Endapo miteremko ni mingine

Wapo watakaotaka nyuzi 60 chini na 30 juu. Mkato mmoja kwa vyote hapo haupo tena. Unyayo ni 90 ukitoa mteremko wa chini: 30. Mgongo ni mteremko wa juu wenyewe: 30. Goti ni nusu ya tofauti ya miteremko miwili: 15. Anayekata goti hilo kwa 22.5 kwa mazoea atapata mwanya upande wa ndani ambao hakuna bamba litakaloutibu. Na kama mgongoni kuna ubao wa kati wa mm 50, kila kipande cha juu kinapunguzwa mm 25 kwa mlalo, ambazo kwenye mteremko wa 22.5 ni mm 27 kwa urefu wa mbao.

Bati na mabakio

Bati zilizonunuliwa zilikuwa za mita 2. Papi zina unene wa mm 50 na zinasukuma bati nje ya kombamoyo (vile vipande vya kenchi), kwa hiyo kila mteremko unaongezeka mm 41 na kuwa 1,878. Wengi wanasahau hiyo 41. Zinabaki mm 122. Kwenye mgongo bati zikiachwa zisigusane, mwanya wa sentimita 3 kila upande ukafunikwa na kofia, bati la juu linavuka goti kwa mm 150 na kulifunika la chini bila kukata hata shiti moja. Kwa vipande vile vilivyozidi, mteremko ungefika mm 2,003, na goti lingebaki wazi kwa mvua.

Mbao zilizotumika mwishoni ni 32 badala ya 26: zile 12 zilizotoa kipande kimoja kimoja, na 20 zilizotoa viwili viwili. Mabakio 12 ya mita 1.70 yalipungukiwa sentimita 14 tu kuwa kombamoyo. Yalikatwa vipande vya mm 550, vitatu kila bakio, na kupigiliwa kati ya kenchi ili zisilale: mstari kwenye kila goti na mmoja kwenye mgongo, nafasi 12 kila mstari. Vilitoka 36, vikahitajika 36.